Barua kwa mwanangu anayeamka na kichefuchefu

Tanga

Mwanangu mpendwa Zuhura,

Asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, baba yako anakusalimu, na mdogo wako yumo katika mitihani. Majibu ya kipimo cha kamera uliyonitumia kwa simu nimeyasoma, kisha nikayaweka kando ya yangu ya zamani, kwa kuwa karatasi hizo mbili zinasema karibu maneno yale yale: henia ndogo ya kuteleza, kwako sentimita 3, umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni, umechubuka kidogo upande wa chini, hakuna kidonda wala uvimbe. Umeniuliza swali moja tu, ambalo daktari wako hakupata nafasi ya kulijibu, nalo ni jinsi ya kuishi na kichefuchefu ambacho hakikufikishi kwenye kutapika wala hakikuachi ukapumzika. Nitakujibu kwa kirefu.

Kati ya kifua na tumbo pana msuli mpana uitwao kiwambotao, ambao ndio unaotuwezesha kuvuta pumzi, na katika msuli huo mna tundu linalopitisha umio kuelekea tumboni. Tundu hilo likilegea, sehemu ya juu ya mfuko wa chakula hupanda na kuingia kifuani, kisha hushuka, kisha hupanda tena, na ndiyo maana henia hiyo ikaitwa ya kuteleza. Walio wengi wenye tatizo hili wana aina hiyo. Kwa kawaida kiwambotao hubana mwisho wa umio na kusaidiana na msuli wa mviringo unaofunga mlango wa tumbo. Viwili hivyo vikiachana mahali, mlango haufungi sawasawa na asidi hupanda juu. Wapo wanaoungua kifua, wapo wanaokohoa usiku au kuamka sauti imekwaruza, na wapo sisi ambao kiungulia hakitusumbui sana bali tunashinda na kichefuchefu, hasa alfajiri. Yangu ilianza nilipokuwa na mimba ya mdogo wako, na hilo linajulikana, kwani mimba husukuma tumbo kwenda juu. Yako imekujia ukiwa kijana, jambo ambalo hutokea, ingawa wengi huipata wakishavuka miaka 50.

Hata hivyo, usikubali upesi kwamba kila kichefuchefu chako kinatokana na henia. Henia ndogo kama yako ni ya kawaida sana, na watu wengi wanaitembeza maisha yao yote bila kujua kwamba wanayo. Ikishaandikwa kwenye karatasi, kila mganga atakayeisoma atapata pa kuishia, naye hatauliza zaidi. Wewe uliza. Uliza kama walipima bakteria wa tumbo wanaosababisha vidonda, uliza kama nyongo ina mawe, uliza kuhusu sukari, figo na tezi ya shingo, na uwatajie kila dawa unayomeza, ikiwemo diklofenaki ya maumivu unayokunywa wakati wa hedhi, kwa sababu dawa za jamii hiyo huchubua tumbo. Daktari akitaka kupima ujauzito usichukie, mwanangu. Mwanamke wa umri wako akilalamikia kichefuchefu, mganga makini huanza hapo, na kipimo hicho hakikutuhumu lolote.

Wanaokutuhumu ni wale wa chumba cha walimu, hapo shuleni unakofundisha. Umeniandikia kwamba umesikia wakinong'ona, na kwamba siku hizi unajizuia kutoka darasani mate yanapokujaa mdomoni, ili wasikuone ukikimbilia nyuma ya madarasa. Ushauri wangu ni kumwendea mwalimu mkuu na kumweleza kwa maneno machache kwamba una tatizo la tumbo lililothibitishwa hospitali na kwamba pengine utalazimika kutoka kwa dakika tano. Mwambie pia mwenzako mmoja unayemwamini, yule mwenye mdomo mwepesi kuliko wote kama inawezekana, kwa kuwa habari ikitoka kwako itasambaa ikiwa sahihi. Kujizuia kwa aibu huku umebana pumzi na tumbo kunazidisha kichefuchefu, tena humfanya mtu aanze kuliogopa darasa lenyewe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote: usiache kula. Najua chakula kinakuchukiza, na najua kwamba ukikikosa asubuhi unajiona umepata nafuu kwa saa moja au mbili. Baadaye tumbo linabaki na asidi yake peke yake, kichefuchefu kinarudi na nguvu zaidi, na ifikapo saa 8 mchana unakula sahani nzima ya makande kwa njaa, tumbo linajaa, linasukumwa juu, na jioni yako yote inaharibika. Nimewaona watu wakikonda kwa mzunguko huo huku wakidhani ni henia inayowamaliza.

Mimi hufanya hivi. Kando ya kitanda huweka kikopo chenye vipande vya mkate nilivyovikausha jikoni tangu jana yake. Nikiamka siinuki upesi. Hukaa ukingoni mwa kitanda, miguu sakafuni, mgongo umenyooka, nikatafuna kipande kimoja polepole mpaka kilainike chote, bila maji. Ndipo humeza kidonge changu kwa maji kidogo, nikajitayarisha, na baada ya nusu saa hivi nikanywa uji mwepesi usio na ndimu. Kitunguu hakikaangwi katika nyumba hii kabla ya saa 3 asubuhi, na baba yako amekwisha kuzoea. Harufu ya mafuta ya moto inaponikuta tumbo halijatulia, siku huwa imekwisha hapo hapo. Kwa kuwa wewe unaishi katika nyumba za walimu na jikoni ni la pamoja, amka kabla ya wenzako, au pika jioni kile utakachokula asubuhi.

Huko Njombe umezungukwa na vyakula vyema kwako kama utavichagua. Viazi vya kuchemsha, ndizi, wali mlaini, ugali kidogo na mboga isiyojaa mafuta, samaki wa kuchemsha au kuku aliyetolewa ngozi, vyote hivyo havikai tumboni muda mrefu. Chips zinazouzwa nje ya shule ni viazi vile vile, ila mafuta hulichelewesha tumbo kujitoa, na tumbo lililochelewa ndilo linaloleta kichefuchefu. Parachichi nalo, pamoja na sifa zake zote, lina mafuta mengi; kula kipande, usile zima. Ukija huku pwani nitakupikia samaki wa kupaka tui jepesi, wala usinung'unike. Maji unywe kidogo kidogo kati ya mlo na mlo badala ya kumimina bilauri nzima juu ya chakula. Ile chai ya saa 4 na chapati mbili igawe: chapati moja saa 4, nyingine au ndizi saa 6, ili usifike saa 8 ukiwa mtupu. Baada ya kula usiiname kukusanya madaftari sakafuni wala usibebe rundo lake; wanafunzi wapo, wabebe. Kisha legeza kitenge kiunoni. Baridi ya huko inakufanya ujifunge nguo juu ya nguo, na kila kinachokaza tumbo kinasukuma juu.

Usiku, kula saa 12 jioni au karibu na hapo, ulale saa 3 au baada yake. Tumbo ukililaza likiwa limejaa ni kama kulaza mtungi wenye maji na kifuniko chake kimelegea. Inua kitanda upande wa kichwa kwa sentimita 15 hadi 20, kwa matofali au vipande vya mbao chini ya miguu ya kitanda. Mito mingi haisaidii, kwani hukukunja katikati na kulibana tumbo lile lile unalotaka kulistarehesha. Lala ubavu wa kushoto. Kwa jinsi tumbo lilivyokaa mwilini, upande huo asidi hubaki chini ya mlango wake, na ukigeukia kulia hupata njia.

Kuhusu dawa, omeprazoli uliyoandikiwa haitulizi kichefuchefu kwa saa ile ile, bali hupunguza asidi inayotengenezwa, na huchukua siku kadhaa hadi ifanye kazi kamili. Imezwe nusu saa hadi saa moja kabla ya kifungua kinywa, kwa kuwa hufanya kazi vizuri zaidi tumbo linapoanza kuamshwa na chakula. Wengi huimeza baada ya kushiba, kisha husema haina maana. Maliza wiki ulizoandikiwa, na usiikate ghafla kama umeitumia muda mrefu, maana asidi inaweza kurudi kwa fujo. Mwulize daktari namna ya kuipunguza. Ile metoklopramidi ya kuzuia kutapika, ambayo duka la dawa litakuuzia bila swali, si dawa ya kukaa nayo kwenye mkoba. Tangu mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya inashauri isizidi siku 5, kwa sababu inaweza kukakamaza misuli ya uso na shingo, na vijana, hasa wasichana, ndio wanaopatwa zaidi. Ukiimeza ukaona taya au macho yanavutwa upande, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Watu watakuletea mengi. Tangawizi nayo ina faida: vipande viwili vitatu vyembamba ndani ya maji ya moto, ukanywa kidogo kidogo, hutuliza, ila ukiizidisha inakuwa yenyewe chanzo cha kiungulia. Soda ya tangawizi ni sukari na gesi, na gesi ndiyo usiyoihitaji. Maziwa hupoza kwa muda mfupi, kisha tumbo hutoa asidi zaidi. Udongo wa pemba wanaokutafunisha wenzako ukatae, maana huwa na madini yenye sumu kama risasi, tena huzuia mwili kupata chuma cha chakula. Shangazi yako ameshanipigia kuhusu dawa ya miti ya ngiri. Nimemshukuru na nimemwambia hutaihitaji. Ukialikwa kwa watu, kula kabla ya kutoka nyumbani, kisha chukua wali kidogo na ule polepole kuliko wote, ili sahani yako isiwe tupu wakaongeza. Mwenyeji huangalia mkono unaokwenda na kurudi, hahesabu matonge.

Likizo ukija, kata tiketi ya kiti cha mbele, utazame barabara na usisome simu, hasa kwenye kona za Kitonga. Basi likisimama kwa chakula, ule wali mkavu au ndizi, uendelee hivyo hadi Chalinze na Segera. Kuhusu Ramadhani, zungumza na daktari mapema. Ukiruhusiwa kufunga, futuru kwa tende na uji, upumzike, kisha ule mlo mdogo baadaye, na bajia uwaachie wengine. Usilale mara tu baada ya daku. Ukikatazwa, mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine, na hilo halihitaji kujadiliwa na jirani.

Umeuliza pia kuhusu upasuaji. Upo, na ule unaojulikana zaidi ni wa daktari Rudolf Nissen, aliyeuandika mwaka 1956, ambapo sehemu ya juu ya tumbo huzungushiwa mwisho wa chini wa umio ili kukaza mlango, na siku hizi hufanywa kwa matundu madogo. Lakini sifa yake kubwa ni kwa kiungulia na chakula kinachorudi mdomoni. Kwa mtu ambaye shida yake kuu ni kichefuchefu matokeo hayana uhakika huo, na baadhi ya waliofanyiwa hubaki na tumbo lililojaa gesi isiyotoka. Kwa henia ya sentimita 3 na dawa uliyoianza juzi, ni mapema mno kulifikiria hilo.

Yapo mambo ambayo hayangojei barua wala simu yangu: kutapika damu au kitu kinachofanana na masimbi ya kahawa, choo cheusi kama lami, chakula kukwama kooni, kupungua uzito bila sababu, maumivu makali ya kifua, au tumbo kuvimba ukashindwa kutapika na kutoa hewa. Maumivu ya kifua usiyaite henia hata mara moja kabla moyo haujapimwa. Na ukiona unachoka na kupauka, omba wapime wingi wa damu, kwa sababu henia huweza kuvujisha damu polepole bila mtu kuiona.

Mpaka siku ya kurudi kliniki, andika katika daftari dogo saa uliyokula, ulichokula, saa kichefuchefu kilipoanza na jinsi ulivyolala. Nipigie picha kurasa hizo kila Ijumaa, tuzisome pamoja kabla hujaonana na daktari. Matofali ya kitanda mwombe mlinzi wa shule akutafutie manne yanayolingana. Uhakikishe yanalingana, kitanda kisije kikayumba.

Wasalaam,
Mama yako