Kateni kitanzi kabla ya kutupa

Mhariri,

Jumapili asubuhi pale Kunduchi nilimkuta kasa amenaswa na kipande cha jarife (wavu wa kutegea samaki), uzi umezama kwenye pezi la mbele mpaka nyama inaonekana. Vijana walitaka kumvuta kwa nguvu. Mzee mmoja mvuvi akawazuia, akaukata uzi taratibu kwa kisu, akamfunika gamba kwa kitenge kilicholowa, pua akaiacha wazi.

Kasa anavuta hewa kama sisi. Wavu ukimzuia kupanda juu, anakufa maji. Aliyelegea asirudishwe baharini papo hapo. Alazwe kivulini, sehemu ya nyuma imeinuliwa kidogo ili maji yatoke mapafuni, huku afisa uvuvi akipigiwa simu.

Kwenye bahari za baridi, sili, mnyama wa baharini mwenye manyoya, hukabwa shingo na mikanda ya plastiki ya kufungia maboksi. Mikanda hiyohiyo imezagaa masokoni kwetu. Mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku mwaka 2019; mikanda na nyavu chakavu, bado (sijui tunangoja nini). Wenye maduka wakate kitanzi cha mkanda kabla ya kutupa, na kila diko, pale wavuvi wanaposhusha samaki, liwekewe pipa la nyavu mbovu.

Msomaji wako,
Kunduchi, Dar es Salaam