Kahawa ya baba yako

Mwanangu mpendwa,

Elfu kumi yako imefika, asante. Ninaandika kwa sababu siku ile vocha iliisha kabla sijakujibu, na baba yako alikuwa amekaa hapohapo akisikia. Uliuliza ni mtu gani mwenye akili anauza kahawa ikiwa bado maua.

Ni baba yako. Na mimi nilikubali.

Butura, huko kuuza kahawa ingali mtini, unaijua tangu utoto, ila hukuwepo usiku ule. Oktoba mdogo wako alianguka mwembeni, mguu ukavunjika. Bodaboda, gari, picha, plasta, vyote vilitaka pesa asubuhi. Tukakaa jikoni tukihesabu tulichonacho. Mbuzi alikuwa na mimba, tena ukiuza mbuzi umeuza na samadi, na mgomba usio na samadi hapa Muleba haukupi mkungu wa maana. Kwenye kikoba nilikuwa bado nadaiwa. Chama cha kuzikana husaidia penye msiba, na mgonjwa akilazwa. Mdogo wako hakulazwa! Kibanja, shamba letu la nyumbani, hakiuzwi, bibi yako amezikwa humo. Ikabaki kahawa. Tajiri anayenunua kahawa akatoa elfu 40 kwa gunia, magunia manne. Julai gunia hilohilo lilipita elfu 90, na baba yako ndiye aliyeyabeba magunia yote manne kumpelekea tajiri. Sijamsikia akitamka neno.

Ulisema chama cha msingi cha ushirika kina bei nzuri. Kweli, lakini chama hupima kahawa iliyokauka, na mguu haukusubiri Julai.

Tangu hapo tunakula kwa hesabu. Mchana viazi, usiku mihogo na maharage, ndizi tunawauzia wachuuzi mkungu mmojammoja. Mhaya auze ndizi ale mihogo! Bibi yako angesusa. Migomba 11 tuliing'oa kwa ajili ya ugonjwa wa mnyauko, na sasa, usienee tena, baba yako haendi shina la pili bila kuchoma panga motoni. Ua dume analivunja kwa kijiti cha panda, chuma hakigusi. Mimi alfajiri napalilia mashamba ya watu. Napita njia ya kisimani nisikutane na wengi. Ila Novemba ilitufaa: senene walishuka usiku tatu mfululizo, tukawauza, wakanunua sukari na madaftari ya mdogo wako.

Maua ya mwaka huu yameanza kufunguka. Tajiri alipita juzi, akasifu mibuni, akanywa chai akamaliza. Baba yako alimwongelesha habari za mvua mpaka akaaga.

Mguu umepona, mtoto anakimbia kuliko zamani. Mbuzi alizaa mapacha, na baba yako anasema yule mwenye doa jeupe ni wako. Ukipiga Jumapili mwamkie, kisha mwulize huyo mbuzi anaendeleaje. Ya kahawa yaache.

Mama yako