Usilipe kwanza

Kaka Salum,

Habari za masiku? Huku baridi tu, sote wazima. Dulla kanipigia jana, anasema idara imepata fedha na unataka kuagiza kipande cha shaba cha fuwele moja, yaani atomi zake zote zimepangwa kwa mpangilio mmoja, uso wa (111), uliokatwa kufuata safu moja maalumu ya atomi, ili uoteshee grafini. Tafadhali, usilipe kwanza.

Ninacho kimoja hapa maabara. Ni kiduara cha milimita 10, kinang'aa unajiona. Kwa wanaochunguza atomi mojamoja hakina mfano: watafiti wa IBM mwaka 1993 walipanga atomi 48 za chuma kwa duara juu ya shaba ya namna hiyo, na mawimbi ya elektroni yakaonekana katikati. Lakini uso ule unataka mtambo wa ombwe, usio na hewa ndani. Unaupiga kwa ayoni za agoni, yaani chembe zenye chaji za gesi hiyo, unaupasha moto, unaupiga tena, mpaka salfa inayopanda kutoka ndani ikome. Ukiguswa na hewa, unaanza upya. Mtambo huo mtautoa wapi?

Wewe shida yako ni kuotesha grafini, ule utando wa kaboni wenye unene wa atomi moja, juu ya shaba. Najua unaogopa mishono, na una haki: punje za shaba, yaani fuwele ndogondogo zinazoiunda, zikielekea huku na huku, vipande vya grafini navyo huota kila kimoja na upande wake, vikikutana elektroni zinakwama. Ila mwaka 2018 watafiti wa Ulsan, Korea Kusini, walichukua karatasi za shaba za kawaida, wakazining'iniza kwenye tanuri zisiguse kitu, katika agoni na haidrojeni, karibu digrii 1050. Punje zikamezana mpaka karatasi nzima ikawa fuwele moja, hadi sentimita 32 za mraba. Karatasi ikilalia kitu hupata mkazo, na fuwele haikui hivyo. Basi ining'inize! Fedha zinunue gesi safi na kipimajoto cha kuaminika, maana shaba huyeyuka kwenye 1085; nafasi ni finyu.

Nasema tena, usilipe.

Tanuri lenu linafika ngapi hasa? Umeme ukikatika usiku, jenereta inawaka yenyewe? Haidrojeni mnaiweka wapi, na kuna kifaa cha kugundua ikivuja? Hili la mwisho linaninyima usingizi. Eksirei ya kupimia fuwele bado inafanya kazi? Na Mama, goti lake vipi? Mwalimu amestaafu kweli?

Nijibu kabla hujasaini chochote.

Wako,
Hamisi