Barua ya Wazi kwa Waziri: Wanaovuta Juya Wanatumalizia Nyasi za Bahari

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima kutoka Kayole, Nairobi. Hapa nimekuja kutafuta riziki. Kwetu ni Pwani, kusini ya Mombasa. Nilikuandikia faraghani, sikujibiwa. Leo naandika hadharani.

Wiki iliyopita kaka yangu, mvuvi wa madema, yaani mitego ya samaki, alinipigia simu. Usiku watu wamevuta juya tena, ule wavu mkubwa unaokokotwa chini ya bahari, juu ya nyasi za bahari mbele ya kijiji chetu, na kulipokucha ufuo umejaa majani na mizizi. Juya, Mheshimiwa, lilipigwa marufuku nchini mwaka 2001. Marufuku hiyo inalindwa na nani?

Nyasi hizi zina mizizi na maua kama mimea ya nchi kavu. Huvuta kaboni iliyoyeyuka majini zikakua, na majani yake hupunguza kasi ya maji hata tope likatulia chini. Ndani ya tope hilo hewa ni haba, mabaki hayaozi upesi, na kaboni hukaa humo karne kwa karne. Katika ghuba ya Gazi wanasayansi wamepima zaidi ya tani 160 kwa hekta. Mizizi ikishang'oka, tope huvurugika na kaboni iliyozikwa huanza kutoka.

Samaki aina ya tasi hula humo, na changu wachanga hujificha humo. Sasa madema ya kaka yangu yanatoka matupu, na karo ya wanawe naituma mimi, kwa mshahara wa bawabu. Kodi ya nyumba nadaiwa. Nadhani wavuta juya wana tajiri anayewanunulia nyavu, maana wao wenyewe hawana uwezo huo. Huenda na joto la bahari limechangia. Lakini joto halivuti juya usiku.

Mwaka 2020 serikali iliahidi dunia, chini ya Mkataba wa Paris wa tabianchi, kwamba itatumia kaboni inayohifadhiwa na mimea ya pwani. Mwaka 2023 viongozi wa Afrika walikutana hapa Nairobi, katika jumba la mikutano la KICC, kuzungumzia tabianchi. Gazi wenyewe wanauza kaboni ya mikoko, yaani wanalipwa kwa kaboni ambayo mikoko yao inahifadhi, na kupata maji na vitabu vya shule. Nyasi zetu je, hazimo katika ahadi hiyo?

Tuletee boti ya doria. Usiku, Mheshimiwa, si mchana, maana mchana hawaji. Boti moja tu, na ije mwezi huu, kabla hawajarudi na juya lao.

Wako mwaminifu,
Mwana wa mvuvi, Kayole