Harambee ya nauli, vocha na pazia

Ndugu, jamaa na marafiki,

Mhudumu mmoja wa kikundi chetu aliketi karibu saa nzima na dada mmoja kwa sababu ya mlio wa vidonge. Dada huyo alikuwa ameacha kumeza PrEP, dawa kinga ya VVU. Kila alipoinua mkoba kopo lililia, na nyumbani wakaanza kunong'ona kwamba ameanza ARV. Mhudumu alimpima kwanza, maana PrEP ni ya asiye na virusi. Kisha akachomeka pamba ndani ya kopo, akalitikisa. Kimya. Wakakubaliana awe anameza kila siku akishapiga mswaki.

Kazi hiyo haikuandikwa kwenye kopo, na ndiyo tunayoichangia.

PrEP ikimezwa inavyoelekezwa hupunguza hatari ya kuambukizwa VVU kwa ngono kwa takriban asilimia 99. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa kila aliye katika hatari kubwa. Mwaka 2025 likapendekeza pia sindano ya lenacapavir, kinga ya VVU ya mara 2 kwa mwaka. Tumeifurahia mno. Lakini hata sindano ya miezi 6 inataka mtu wa kukumbusha tarehe, wa kupima, na wa kueleza kwa mara ya tano bila kukunja uso kwamba haizuii kaswende, kisonono wala mimba. Wengine hukimbizwa na kichefuchefu cha wiki za mwanzo. Aliyeambiwa mapema kwamba kwa kawaida hupita, huvumilia.

Wahudumu wetu wanajitolea. Nauli yatoka mifukoni mwao, vocha za kukumbushia watu tarehe vilevile, na hilo linatuumiza. Dawa tunapewa na kituo cha afya. Hatuombi fedha za dawa. Tunaomba nauli, vocha, mafunzo ya ushauri nasaha, na pazia. Ndiyo, pazia: kona tunayopimia iko mkabala na mlango, na tumeona vijana wakifika kizingitini, wakachungulia, wakageuka.

Toa ulichojaliwa. Mwenye kitambaa kizito alete kitambaa, mwenye cherehani atushonee. Mhazini atakupa stakabadhi, na hesabu itasomwa mbele ya wanachama wote. Majina ya tunaowahudumia hayatasomwa popote, wala mchangiaji yeyote hataonyeshwa majina hayo, awe ametoa kiasi gani.