Tamthilia za Kiswahili mnazileta kutoka Ulaya, na seva mnayo Mombasa

Shella,
Malindi.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

KUH: KUKWAMA KWA TAMTHILIA ZA KISWAHILI KATIKA HUDUMA YENU

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mteja wenu wa kifurushi cha mwezi cha kutazama video kwa intaneti, na kilichonivuta ni tangazo lenu la tamthilia za Kiswahili. Hizo ndizo tunazokaa kuzitazama nyumbani baada ya Isha, mama mkwe na watoto pamoja, na hizo ndizo zisizotazamika. Picha inafifia mpaka nyuso hazitambulikani, kiduara kinazunguka, kisha sauti inarudi mtu akiwa katikati ya maneno.

Kila nikipiga simu, wahudumu wenu wananiambia nimlaumu mtoa intaneti wangu. Sikubali. Kwa waifai hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, filamu ya Marekani kutoka kwenu inaanza papo hapo na kwenda safi mpaka mwisho. Ingekuwa ni laini yangu, zote zingekwama.

Kazi yangu ni ufundi wa kompyuta, kwa hivyo nilifuatilia kwenye kivinjari video zinatoka wapi. Video yenu hukatwa vipande vya sekunde 6 hivi, na kila kimoja huombwa peke yake. Vipande vya filamu ya kigeni vilitoka seva yenu ya Mombasa, yaani kompyuta inayohifadhi na kugawa video, ndani ya milisekunde chache. Vya tamthilia yetu, seva hiyo ilijibu kwamba haina, ikaenda kuvichukua seva kuu iliyoko Ulaya, zaidi ya milisekunde 150 kwenda na kurudi, kipande baada ya kipande. Programu ikiona vipande vinachelewa hushusha ubora wa picha. Akiba ya vipande vilivyotangulia kupakuliwa ikiisha, husimama.

Jirani yangu alitazama sehemu moja ikamsumbua mwanzo hadi mwisho. Nikaifungua mimi alipomaliza, ikaja bila kukwama, kwa kuwa nakala ilikuwa imeshabaki Mombasa. Wiki iliyofuata nakala hiyo haikuwepo tena. Ilikuwa imefutwa kupisha zinazoombwa zaidi.

Najua nafasi ya seva ina mpaka, na desturi ya mitandao ya kusambaza video ni kubakiza kinachotazamwa sana. Lakini angalieni matokeo yake huku kwetu. Mtu anafungua tamthilia, inakwama, anaiacha. Takwimu zenu zinaandika kwamba haina watazamaji, kwa hivyo haiwekwi Mombasa, na kesho yake inakwama tena. Mnapima hamu yetu kwa kitu mlichokifanya ninyi wenyewe kisitazamike! Hili linaniuma kuliko pesa. Waigizaji wetu wanahesabiwa hawapendwi, na sisi tunaowapenda tupo, tunasubiri picha irudi.

Na pesa zinapotea pia. Kwa anayetumia bando la simu, saa moja ya video ya megabiti 3 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 1.35, na akifunga programu na kuifungua upya ili ijinasue, vipande vilivyokuwa vimeshapakuliwa vinaweza kushuka tena kwa gharama yake.

Wala msiniambie Pwani iko mbali na mitambo. Kebo za intaneti za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, na EASSy ikaanza kazi 2010.

Naomba tamthilia za Kiswahili zipakiwe kwenye seva ya Mombasa usiku wa manane, laini zikiwa na nafasi, kabla mtu hajaziomba. Si jambo geni: Netflix, kwa mpango wa Open Connect ilioutangaza mwaka 2012, hujaza video kwenye mitambo yake iliyowekwa kwa watoa intaneti katika saa za utulivu. Kama zote hazitoshi, anzeni na sehemu mpya za kila wiki. Naomba pia nirudishiwe ada ya mwezi huu, na wahudumu wenu waangalie kwanza seva zenu kabla ya kumtupia mteja lawama.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitayafikisha malalamiko haya kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, pamoja na picha za skrini nilizoambatisha hapa.

Wenu,
Fundi wa kompyuta na mteja wenu, Malindi