Manjano, seli za mfupa na kipimo kinachosahaulika

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumzie habari inayojirudia magazetini na kwenye simu, kwamba manjano huua saratani ya mifupa. Si uzushi mtupu. Kurkumini, inayoyapa manjano rangi, huua kweli seli za osteosakoma, aina ya saratani ya mifupa, maabarani. Ila kipimo kilichotumika huachwa nje ya habari, na bila hicho msomaji hana pa kushika.

Jaribio huenda hivi. Seli 5,000 hivi huwekwa katika kila kishimo cha sahani yenye vishimo 96, zikaachwa usiku kucha zijishike. Kurkumini haiyeyuki vizuri majini, hivyo huyeyushwa kwa kimiminika kiitwacho DMSO, kisha huzimuliwa mara 1,000 ili DMSO isizidi asilimia 0.1, maana ikizidi nayo hudhuru seli. Vishimo vingine hupewa DMSO peke yake kwa ajili ya ulinganisho. Dozi ya kawaida ni maikromola (kipimo cha wingi wa kemikali katika kila lita) 10 hadi 40, kwa siku moja hadi tatu.

Chukua maikromola 20. Hizo ni miligramu 7.4 kwa lita. Plazma ya mtu mzima ni kama lita 3, kwa hiyo zingehitajika miligramu 22 tu, na unga wa manjano una kurkumini takriban asilimia 3. Kijiko kimoja cha chai, kazi imekwisha! Hapa ndipo wengi huteleza. Utumbo hunyonya kurkumini kidogo sana, na hicho kidogo utumbo na ini hukigeuza upesi ili kitolewe mwilini. Watu waliomeza gramu 8 za kurkumini kwa siku, kiasi kilichomo katika zaidi ya robo kilo ya manjano, walifikisha takriban maikromola 1.8 katika damu, tena kwa saa chache.

Njia ya kupima kama seli zimekufa nayo hudanganya. Inayotumika zaidi ni MTT, rangi ya njano ambayo seli hai huigeuza kuwa zambarau. Polifenoli nyingi, yaani kundi la kemikali za mimea, huigeuza hata pasipo seli, na kishimo cha wafu kikasomeka kama cha wazima. Dawa yake ni kuosha vishimo kabla ya kutia MTT, na kuwa na vishimo vyenye dondoo la mmea bila seli. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: baadhi ya polifenoli, zikiwemo za chai ya kijani, huzalisha peroksidi ya hidrojeni ndani ya kimiminika cha kukuzia seli. Tia kimeng'enya cha katalasi, kinachoivunja peroksidi hiyo. Seli zikipona, muuaji alikuwa peroksidi, si mmea.

Halafu kuna suala la seli zipi. Aina mbili za seli za osteosakoma zinazokuzwa maabarani hutofautiana: Saos-2 hazina p53, protini inayoiamuru seli iliyoharibika ijiue, U2OS zinayo iliyo nzima. Dondoo linaloua moja likashindwa na nyingine linaeleza linavyofanya kazi. Tena seli za mfupa zisizo na saratani ziwe kando yake. Kinachoua zote kwa dozi ileile ni sumu tu, kama jiki.

Hatusemi mimea haina dawa. Vinkristini, itokanayo na vinka, ua la bustanini lenye asili ya Madagaska, hutumika katika tiba ya sakoma ya Ewing, saratani nyingine ya mifupa inayowapata watoto na vijana. Lakini ilitengwa, ikapimwa, na hudungwa mshipani kwa miligramu 1.5 kwa mita ya mraba ya mwili, kwa kawaida isizidi 2. Ikidungwa kwenye maji ya uti wa mgongo huua. Hakuna anayechemsha majani yake akapata dozi hiyo.

Ombi letu ni dogo: mkichapisha habari ya namna hii, andikeni ni seli au ni wagonjwa, na ni maikromola ngapi.

Na mwenye mgonjwa wa osteosakoma nyumbani amwonyeshe daktari kila unga na kidonge kabla ya siku ya kupewa methotreksati, dawa ya saratani. Dawa hiyo hutolewa mwilini na figo, na mkojo huwekwa pH 7 au zaidi, yaani usiwe mchachu, kwa bikaboneti. Vitamini C nyingi huuchachusha mkojo, na dawa za maumivu za jamii ya aspirini na ibuprofeni huzichelewesha figo kuitoa. Methotreksati ikibaki damuni, huchoma mdomo, uboho na figo zenyewe.

Wasomaji wenu wa maabara,
Dar es Salaam